Mwenye Mkono na Mwenye Mfuko

Swali nitakalolijadili katika insha hii laonekana dogo, na msomaji aliyezoea kukutana katika kurasa hizi na maswali ya uhuru, haki na mauti aweza kudhani kuwa mwandishi amepotea njia akaingia jikoni. Swali lenyewe ni hili: nyumba ikitaka kununua mashine ya kukandia unga, ni nani astahiliye kuichagua, yule atoaye fedha au yule atiaye mkono katika unga? Siulizi ni nani awezaye kuichagua, kwa kuwa jibu la hilo lajulikana: mwenye fedha ndiye awezaye. Nauliza astahiliye. Baina ya kuweza na kustahili pana nafasi, na sehemu kubwa ya elimu ya maadili yakaa katika nafasi hiyo.

Nalitwaa swali hili nikalipeleka Masakta, kata ya wilaya ya Hanang katika mkoa wa Manyara, wala si kwa kubahatisha. Ile ni nchi ya Wairaqw, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wambulu, na ya majirani zao Wabarabaig; nayo yaishi chini ya macho ya mlima Hanang, ambao kimo chake chapita mita 3,400. Juu ya hayo ni nchi ya ngano. Mtu wa pwani aweza kula chapati maisha yake yote asione hata suke moja. Mtu wa Hanang huliona likitikiswa na upepo kabla hajauona unga wake. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, uanze kazi yake, nguzo za umeme zimeingia katika vijiji ambavyo babu zetu hawakudhani kuwa zitafika, na pamoja na umeme imeingia tamaa ya vyombo vya umeme. Sisemi tamaa kwa kulaumu. Tamaa ya kupumzisha mgongo ni katika tamaa zilizo halali kabisa.

Yatupasa kwanza tuijue kazi yenyewe, maana wengi huihukumu mashine bila ya kuijua kazi ambayo mashine huirithi. Unga wa ngano una namna mbili za protini ambazo, zikipata maji na kusukwasukwa, hushikamana zikawa utando wa kunyumbuka uitwao gluteni. Unga wa mahindi na unga wa mtama haufanyi utando huo. Ndiyo sababu ugali husongwa kwa mwiko juu ya moto, na chapati hukandwa kwa mkono mbali na moto. Mkandaji husukuma kwa kiganja, hukunja, hugeuza, husukuma tena; na nguvu haitoki kiganjani, hutoka begani na mgongoni. Kwa kilo moja ya unga jambo hili ni mchezo. Kwa kilo tano, alfajiri, kila siku ya mwaka, kwa mama auzaye chapati na maandazi penye mnada au kando ya barabara, si mchezo tena. Ni kazi imzeeshayo mtu kabla ya miaka yake.

Mashine ya kazi hii haikuzaliwa katika jiko la nyumba. Mwaka 1908 mhandisi Mmarekani, Herbert Johnston wa kampuni ya Hobart katika jimbo la Ohio, alimtazama mwoka mikate akihangaika kuvuruga unga kwa chombo cha chuma, akaona kuwa yamkini pana njia iliyo bora. Mashine za kwanza zilizotoka katika fikira hiyo zilikuwa kubwa, za wafanya biashara. Mwaka 1919 ndipo ilipotoka ndogo ya nyumbani kwa jina la KitchenAid, na hiyo iliyoitwa ndogo ilikuwa na uzito wa karibu kilo 30. Uingereza ilipata yake mwaka 1950, Kenneth Wood alipotoa ile iitwayo Kenwood Chef. Umbo la vyombo hivi halikubadilika sana tangu hapo: bakuli hutulia, na ndoano ya kukandia huzunguka juu ya mhimili wake yenyewe huku ikilizunguka bakuli, mfano wa sayari ijizungukayo na kulizunguka jua. Ni akili nzuri, na yastahili sifa.

Lakini mashine hii ilikulia katika nchi za keki na mikate laini, na hapa ndipo mwenye mfuko hupotea. Anapoingia dukani Arusha au Babati huyasoma maandishi makubwa ya sandukuni. Huambiwa wati 1,000, naye hudhani kuwa ameambiwa nguvu. Wati hizo ni kipimo cha umeme ambao mota huula, si kipimo cha nguvu ifikayo kwenye ndoano; mota mbili zilazo umeme sawa zaweza kutofautiana kama mtu na mwanawe. Wala asiogope gharama ya umeme huo, maana wati 1,000 kwa muda wa dakika 10 ni sehemu ya sita tu ya yuniti moja. Lililo la kuogopa halikuandikwa kwa herufi kubwa. Ndani ya shingo ya mashine mna magurudumu ya meno. Yakiwa ya plastiki dhaifu, yatavumilia uji wa keki miaka mingi, lakini unga wa chapati, ulio mkavu na mgumu kama udongo wa mfinyanzi, utayang'oa meno katika muda mfupi. Mashine iliyo nyepesi ikikutana na unga huo hutembea juu ya meza kama mlevi. Bakuli husemwa kuwa ni la lita tano, na lita hizo ni za maji yajazwayo hadi ukingoni. Donge la unga mgumu lijazalo bakuli hilo hata nusu huenda likaishinda mota. Na ikiwa ndugu aliyeko Marekani ametuma zawadi yake kwa upendo, chombo hicho kimetengenezwa kwa volti 120, hali umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Kikitiwa katika ukuta wa Masakta bila ya kipunguza umeme, zawadi itageuka moshi.

Sasa, ni nani ajuaye kuwa unga wa nyumba fulani ni mgumu, na ugumu wake ni wa kiasi gani? Ni nani ajuaye kuwa sikukuu hukandwa kilo sita na siku nyingine mbili? Si mlipaji. Aghalabu mlipaji hukutana na chapati ikiwa imekwisha iva. Ujuzi wa unga umo katika mkono uukandao, na ujuzi huo hauna maandishi. Basi hoja ya kwanza ya kumpa mwenye mkono haki ya kuchagua ni hoja ya ujuzi, nayo ni hoja nzuri.

Walakini siridhiki nayo. Hoja ya ujuzi ikiwa peke yake, basi haki yaweza kuhamishwa. Akitokea bingwa ajuaye unga kuliko mkandaji, na mashine kuliko muuzaji, huyo naye atakuwa na haki ya kumchagulia mama wa watu chombo katika nyumba yake bila ya kumwuliza. Jambo hili moyo wetu walikataa, ijapokuwa bingwa huyo hakukosea hata kidogo. Kwa hiyo pana kitu kingine zaidi ya ujuzi, na yafaa tukitafute.

Katika kitabu cha kale cha Kichina kiitwacho Zhuangzi mna habari ya mzee mtunza bustani aliyeshuka kisimani akachota maji kwa mtungi, akapanda, akamwagilia, akashuka tena. Msafiri mmoja, mwanafunzi wa Confucius, akamwambia kuwa kuna chombo cha mti, kizito nyuma na chepesi mbele, kiwezacho kufanya kazi hiyo mara nyingi kwa taabu kidogo. Mzee akajibu kuwa akijua chombo hicho, ila aona haya kukitumia. Maana mwenye mashine huingiwa na shughuli za mashine, na mwenye shughuli za mashine huota moyo wa mashine. Watu wengi wamelisifu jibu hili. Mimi nalisifu kwa sharti moja. Mzee yule alichota kwa mkono wake mwenyewe, kwa bustani yake mwenyewe. Kama angaliketi kivulini akamtuma mkewe kushuka kisimani, kisha akamjibu msafiri maneno yale yale, hekima yake yote ingaligeuka uchoyo uliovaa joho. Maneno hayakubadilika, aliyebadilika ni mwenye kuchoka. Katika nchi yetu wako watu wasemao kuwa chapati ya mkono ina ladha ambayo mashine haiwezi kuipata. Huenda ni kweli. Lakini kabla sijawasadiki hutazama viganja vyao.

Gandhi, ambaye dunia humkumbuka kama adui wa mashine, alifanya toleo moja. Mwaka 1924 aliisifu cherehani ya Singer kuwa miongoni mwa vitu vichache vyenye manufaa vilivyopata kubuniwa, akaeleza kuwa Singer alimwona mkewe akitaabika kushona kwa mkono, akabuni mashine kwa mapenzi. Wanahistoria hawaikubali hadithi hiyo; Isaac Singer alikuwa akitengeneza upya mashine ya watu wengine huko Boston mwaka 1850, na fedha ndizo zilizomsukuma. Hata hivyo kanuni aliyoitoa Gandhi katika hadithi isiyo sahihi ni kanuni sahihi: mashine ipimwe kwa mtu impunguziaye taabu. Nayo cherehani, ambayo imejaa katika baraza za maduka yetu toka Lamu hata Bukavu, yaonyesha jambo ambalo Gandhi hakulisema. Fundi huijua cherehani yake kama mfugaji ajuavyo ng'ombe. Huitia mafuta, huisikiliza, hakubali iguswe na kila mtu. Imekuwa yake kwa kutumiwa. Hii ni namna ya umilikaji ambayo risiti ya duka haiiandiki.

Nasema hivyo kwa kuwa taabu ya kukanda haigawanywi sawasawa. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo wengi hulikumbuka kwa habari ya mabenki na viwanda, lina sehemu ambayo wanaume hawapendi kuikumbuka. Lasema kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na kwamba wanaume wa vijijini huwa likizoni nusu ya maisha yao. Ni hukumu kali, na sidhani kuwa muda uliopita tangu siku hiyo umeifuta. Mwenye kudhani kuwa mashine yenyewe yatosha kuifuta na asome kitabu cha mwanahistoria Mmarekani Ruth Schwartz Cowan kilichotoka mwaka 1983. Alionyesha kuwa vyombo vya nyumbani vya Marekani viliondoa kwanza kazi za wanaume na watoto, kama kupasua kuni na kuchota maji. Mama alibaki na zake, na kwa kuwa kazi ilikuwa rahisi zaidi alitakiwa aifanye mara nyingi zaidi na kwa uzuri zaidi. Nguo iliyofuliwa mara moja kwa juma ikafuliwa kila siku. Hapana ubishi kuwa mashine ya kukandia unga yaweza kufuata njia iyo hiyo. Nyumba iliyokula chapati Jumapili itaidai kila asubuhi, na mkono uliopumzishwa katika kukanda utapelekwa katika kusukuma na kuchoma.

Tuseme sasa kuwa kijana wa Masakta aliyeajiriwa Arusha amerudi nyumbani na sanduku. Amelipa mshahara wa miezi miwili. Ameketi akamwamkia mama yake, "Shikamoo, mama," naye akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu." Akafungua sanduku, akasema, "Nimekuletea mashine, usikande tena kwa mkono." Mama akafurahi, akashukuru, akaligeuzageuza bakuli, kisha akauliza neno moja: "Beseni langu huchukua kilo nne. Hili, mwanangu, lachukua ngapi?" Kijana hakujua. Tusimcheke, maana upendo wake ni wa kweli na fedha yake ni ya jasho. Walakini tazama aliloambiwa mama yule. Hakuulizwa kama taabu yake ni ya kukanda. Huenda taabu yake kuu ni moshi wa kuni, au ni maji, au ni mwendo wa kupeleka mahindi kusagwa. Na kwa mshahara wa miezi miwili moja katika hizo ingaliondoka. Kijana alichagua chombo, lakini kabla ya chombo alichagua taabu ipi ni taabu. Huku ndiko kuchagua kulikozama zaidi. Mtu ana haki ya kuitaja taabu yake mwenyewe kabla haijatibiwa, na haki hii bingwa hawezi kuichukua kwa ubingwa wake, wala mfadhili kwa ukarimu wake.

Wilaya ya Hanang imekwisha kupata somo hili kwa kipimo kikubwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa nguvu zaidi katika miaka ya 1970, serikali ya Tanzania kwa msaada wa Kanada iliendesha kilimo kikuu cha ngano katika tambarare za Basotu. Shirika la NAFCO lilipewa mashamba saba makubwa, yakalimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa mashine za mfano wa zile za nyika za Kanada. Taabu iliyotajwa ilikuwa taabu ya kweli: miji ilitaka mkate, na taifa lilitumia fedha za kigeni kuagiza ngano. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tena malisho yaliyo bora, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Taabu yao wao, yaani nyasi na maji ya kiangazi, haikuwamo katika hesabu. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw pamoja na wakazi wake kililishitaki shirika. Mahakama Kuu huko Arusha iliwapa haki, na baadaye Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Msaada wa Kanada ulikoma katika miaka ya 1990. Ngano ilipatikana, jambo hilo halikanushwi, na mashine zilikuwa nzuri kwa kazi zilizochaguliwa kufanya.

Sitaki kuulinganisha mno mfano huu na sanduku la kijana. Yeye hakumnyang'anya mtu ardhi, na mama yake aweza kuiweka mashine juu ya kabati akafunika kwa kitambaa, kama vifanywavyo vyombo vingi vya zawadi. Mbarabaig hakuweza kulifunika trekta. Tofauti hii ni kubwa nami sipendi hoja zinazoifuta. Linalofanana ni moja tu: katika mambo yote mawili aliyebeba matokeo hakuwamo katika baraza la uchaguzi.

Kuna pingamizi ambalo msomaji mwerevu amekwisha kulishika mkononi. Atasema: mazoea humfunga mtu. Mama aliyekanda miaka 40 akiulizwa taabu yake ni ipi, huenda asitaje kukanda, kwa kuwa amekwisha kukuhesabu kama kupumua. Je, tumwache na mzigo kwa sababu haulalamikii? Pingamizi hili ni zito. Nalijibu kwa kusema kuwa kumwuliza mtu si kumwachia peke yake ujinga wake, kama vile kumpa mtu chombo si kumwachia peke yake umaskini wake. Mwenye habari na alete habari. Na azungumze naye juu ya magurudumu ya chuma na ya plastiki, amwonyeshe mashine ikifanya kazi kwa jirani, amwache atie unga wake mwenyewe katika bakuli hilo na kulisikiliza donge. Baada ya hapo akisema la, la yake ina uzito ambao la ya jana haikuwa nao.

Tena mwenye habari asidhani kuwa njia ni mbili tu, mkono au mashine. Iko ya tatu, nayo ni muda. Gluteni hujisuka yenyewe unga uliotiwa maji ukiachwa utulie. Mwaka 2006 gazeti la New York Times lilitangaza njia ya mwoka mikate Jim Lahey, ya kuuacha unga usikandwe kabisa, ukalala saa 12 hadi 18, nayo ikastaajabisha watu wengi wenye mashine za bei kubwa. Haikuwastaajabisha mama zetu, ambao hufunika donge la chapati kwa kitambaa kibichi wakaenda kufanya mengine, na wakirudi huukuta unga umelegea pasipo kuguswa. Nusu saa ya namna hiyo haiuzwi dukani, na kwa nyumba ikandayo kilo moja kwa juma yaweza kuwa ndiyo uchaguzi ulio bora. Kwa mama wa kilo tano za alfajiri haitoshi. Yeye hana muda wa kungojea, kwa kuwa wateja hawamngojei.

Limebaki jambo moja ambalo lanisumbua kuliko yote niliyoyajadili. Nimesema mwenye mkono na mwenye mfuko kana kwamba ni watu wawili tu, mume na mke, au mwana na mama. Katika nyumba nyingi za Arusha na Dar es Salaam mkono ulio ndani ya unga si wa baba wala si wa mama. Ni wa msichana wa kazi, ambaye huenda ametoka katika kijiji kilicho kama Masakta, chini ya mlima ule ule. Yeye ndiye aamkaye kabla ya adhana na kabla ya kengele. Yeye ndiye ajuaye kuwa unga wa gunia jipya wanywa maji kuliko wa gunia lililokwisha. Kwa hoja zote nilizozitoa, ya ujuzi na ya taabu pia, haki ya kuchagua ni yake. Siku ya kwenda dukani huenda bwana na bibi, wakabishana kwa upole juu ya rangi. Msichana huachwa nyumbani, au huchukuliwa ili alibebe sanduku.